Wateja wameondoka na bili ya 103,500, bosi amekata yote kwenye mshahara wangu. Nifanyeje?

BintiNanyamba

Habari za saa hizi wakubwa na wadogo. Niko chumbani kwangu Chikongola, umeme leo upo, acha niseme yote kwa mkupuo.

Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa mmoja hapa Mtwara mjini, upande wa baharini. Jina naliacha. Nina mwaka na miezi minne pale. Mshahara ni 160,000, mchana tunakula hapo hapo, na wateja wakiacha chochote mezani ni chako. Mkataba wa maandishi sina, tuliongea tu.

Jumamosi ile msimu wa korosho ulikuwa umechanganya, mji umejaa wageni. Wakaja wanaume sita na gari moja, wachangamfu, wananiita "dada mkubwa" wakati hata mdogo wao wa mwisho ananizidi umri. Waliagiza changu wakubwa wawili wa kupaka, 20,000 kila mmoja. Pweza wa nazi sahani tatu za 8,000. Wali nne, ugali mbili, soda nne, maji makubwa matatu, bia nane. Jumla 103,500, hesabu hiyo naweza kuisema hata usingizini.

Sasa pale kwetu lipa namba imebandikwa ukutani, lakini simu inayopokea meseji ni ya bosi mwenyewe, na siku hiyo alikwenda Newala msibani. Agizo alilotuachia ni hili: mteja akilipa, akuonyeshe meseji. Basi. Nimebeba trei mkono wa kushoto, vidole vina mafuta ya samaki, yule mmoja akaninyooshea simu usoni, "Soma mwenyewe dada." Kioo kina ufa. Nikaona 103,500, nikaona jina la mgahawa, nikasema asanteni karibuni tena. Tena kwa tabasamu!

Bosi karudi usiku, anapekua simu yake, hakuna kitu. Nnungu wangu, nilikaa chini pale pale kwenye kreti.

Mwisho wa mwezi nimepewa bahasha ina 56,500. Kodi ni 30,000. Nikamuuliza, akanijibu, "Meza ilikuwa yako." Hakuna karatasi, hakuna mazungumzo. Wenzangu wananiambia nishukuru sikufukuzwa. Kweli ndivyo ilivyo kila mahali, au mimi ndiye mjinga?

Korosho_Daraja_la_Pili

Pole sana dada. Msimu huu hata mbuzi wa Tandahimba ana laini mbili. Hela ikiingia kusini na matapeli wanapanda basi hilo hilo.

Ila ungeandika namba ya gari.

BintiNanyamba

Kaka, namba ya gari unaandika ya mtu uliyeamini kalipa?

KakaMingoyo

Mdogo wangu, mjinga siyo wewe. Nina miaka tisa kwenye kazi hii, nikueleze nilivyoiona mimi.

Nilianzia Mnazi Mmoja ya Lindi, pale njia inapogawanyika, moja Mtwara moja Masasi. Pale neno bili halipo. Basi likisimama una dakika chache, dereva keshaanza kupiga honi, abiria ana paja la kuku mdomoni anatafuta chenji. Ukimwachia mtu ale kwanza, hela yako inafika Nangurukuru kabla yako. Hela kwanza, sahani baadaye, na hakuna anayekasirika, kila mtu anajua ndiyo utaratibu.

Nikahamia Lindi mjini, kwenye hoteli yenye vitambaa mezani. Huko nikafundishwa kinyume chake: mteja asiulizwe hela mpaka aombe bili mwenyewe, ukimuuliza unamvunjia heshima. Sawa. Lakini tazama kilichotokea hapo. Bosi ndiye anayetaka mteja ajisikie mgeni wa nyumbani, maana mgeni wa namna hiyo anaongeza oda, faida ni yake. Mteja akikimbia, ghafla meza ni ya mhudumu. Hapo ndipo mimi sikubali mpaka leo. Vitambaa ni vya bosi, na hatari ya vitambaa iwe yake.

Na kwako ni zaidi ya hapo. Agizo la kusoma meseji kwenye simu ya mteja alilitoa yeye. Simu ya malipo aliondoka nayo yeye. Ulichokosea wewe ni nini hasa? Meseji ya mlipaji mtu anaweza kuiandika mwenyewe akiwa chooni. Inayohesabika ni iliyoingia kwa mpokeaji, na hata hiyo ufungue uangalie salio, kwa sababu siku hizi wanatuma meseji ya kawaida iliyoandikwa kama ya mtandao.

Mimi wa kwanza kunikimbia alikuwa mzee wa kanzu safi, na tasbihi mkononi. 14,000, supu na chapati za watu wanne. Nililipa kwa awamu mbili, nikaapa. Tangu hapo naitazama meza inavyopungua. Meza ya watu sita haiondoki kwa pamoja. Mmoja anatoka kuongea na simu, wawili wanakwenda "kugeuza gari". Ukiona wamebaki wawili na mifupa, usingoje kuitwa. Peleka bili pamoja na birika la kunawa, uwamiminie maji mwenyewe, polepole. Mtu mwenye sabuni mikononi hakimbii.

Wa_Ligula

Nimewahi kusimamia masuala ya wafanyakazi kwenye kampuni, niongezee upande wa sheria, maana hapa watu wanazungumza kama vile haipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri anaruhusiwa kukata hasara kwenye mshahara, ila siyo kwa kutikisa bahasha. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Akuandikie sababu, kiasi na alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Asizidishe hasara halisi. Na hata ukiwa na kosa, makato hayo hayatakiwi kuvuka robo ya mshahara wako. Robo ya 160,000 ni 40,000. Kwa hiyo hata kama deni lingekuwa lako lote, angetakiwa kukata 40,000, kisha 40,000, kisha 23,500. Alichofanya ni kukata karibu theluthi mbili kwa mpigo.

Kukosa mkataba wa maandishi kusikutishe. Maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wake yeye kukupa. Mkifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Ila usilale: mgogoro wa namna hii una siku 60 tangu ulipotokea, na akikufukuza, shauri la kufukuzwa lina siku 30 tu.

Chama cha wafanyakazi wa mahoteli kipo pia, CHODAWU. Uliza kama kuna mwenzako ni mwanachama.

MamaK_Masasi

Mwanangu pole. Mimi niko upande wa pili, nina mgahawa. Msinirukie.

Ninyi mnaongea kana kwamba mwenye mgahawa anachota hela kisimani. Yule changu wa 20,000 mimi nimemnunua kwa mvuvi asubuhi, taslimu, na mkaa nimenunua, na nazi. Na niseme ukweli mwingine: wapo wahudumu wanaopanga na wateja. Mwaka juzi nilikuwa na kijana, kila wiki meza yake moja "imekimbia". Kumbe ni binamu zake. Ukisamehe wa kwanza kwa moyo mweupe, wa pili anakuja na binamu.

Lakini huyo bosi wako kwenda msibani na simu ya malipo ni uzembe. Mimi nilinunua kasimu kadogo ka batani, kako kaunta, hakatoki hapo hata nikitoka mimi. Mhudumu hasomi simu ya mteja. Anapaza sauti, "Meza ya nne!", kaunta anajibu "Imeingia" au "Bado". Mteja anasikia, kila mtu anasikia. Aibu inakwenda kwa anayestahili.

Nenda ukaongee naye asubuhi kabla ya wateja, akiwa anakunywa chai. Usiende na maneno ya Tume kwanza. Yaweke mfukoni.

KakaMingoyo

Mama K, hapo kwa kasimu umemaliza. Kwa binamu nakupa nusu, maana bosi anayemshuku mtu ana njia ya kuchunguza kabla ya kukata.

BintiNanyamba

Shikamoo mama, na kaka zangu asanteni. Narudi kuwapa mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki nzima.

Niliandika kwenye karatasi ya daftari la oda: tarehe, bili ilivyokuwa, nani aliagiza tusome meseji, simu ilikuwa wapi. Chini nikaandika kifungu cha 28 na ile hesabu ya 40,000. Nikamkuta asubuhi anakula mhogo na chai ya rangi. Nilitetemeka mpaka karatasi ikawa inalia. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Nani kakufundisha haya?" Nikasema nimeuliza watu. Sikuitaja Tume, mama, niliiweka mfukoni kama ulivyosema, ila nadhani aliiona inachungulia.

Hakusema samahani, wala sikuitegemea. Alisema ile 103,500 tugawane nusu kwa nusu. Nikamwambia kosa langu silioni. Tukabishana, mpishi akazima redio ili asikie vizuri. Mwisho amenirudishia 70,000 mkononi siku hiyo hiyo, na hiyo 33,500 iliyobaki amesema "tutaona". Nimempa mpaka mwisho wa mwezi aone. Siku 60 nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nimezungushia na kalamu nyekundu.

Simu ndogo imenunuliwa. Ameifunga kwa kamba ya mashipi kwenye mguu wa kaunta, kama mbuzi. Wenzangu walioniambia nishukuru sasa ndio wanaopaza sauti kuliko wote: "Meza ya sitaaa!"

Kesho naingia zamu ya asubuhi, kuna sherehe ya watu 40, nusu wamelipa leo. Meseji nimeiona mwenyewe kwenye simu ya kaunta.

KakaMingoyo

Umeona meseji, au umeona salio?

BintiNanyamba

Salio, kaka. Salio.