Mzee kapata kiharusi, daktari anataka jibu la familia

MpwaKorogwe: Wakuu, mjomba ana miaka 74, juzi kapata kiharusi cha damu kuvujia kwenye ubongo, yupo ICU kwenye mashine ya kupumulia, daktari anasema GCS (kipimo cha fahamu) ni 6 na anauliza moyo ukisimama waushtue au waache. Shangazi anasema kuacha ni kuua, bro mkubwa anasema hela imekata. Tufanyeje?

DadaWodini: Pole sana. GCS inaanzia 3 mpaka 15 so 6 ni chini kweli, ila siku mbili za mwanzo bado mapema kuhukumu, na dawa za usingizi nazo zinaishusha. Ombeni kikao, ulizeni akiamka atakuwaje, atatambua watu? atameza?

Baharia: Mzee mwenyewe alikuwa anasemaje? Na hela mseme wazi, msijifiche nyuma ya dini.

MpwaKorogwe: Kuna jirani alilala kitandani miaka, mzee akawa anasema mimi msinifanyie hivi. Shangazi alikuwepo.

DadaWodini: Basi shangazi ndo aseme hilo kikaoni. Na kutoshtua moyo sio kumtelekeza, atageuzwa, atasafishwa mdomo, dawa ya maumivu atapewa kama kawa.