Mji mdogo kujenga mabwawa ya majitaka ni kupoteza hela? Mimi napinga

Wadau habari zenu. Kuna hoja inarudi kila mara, kwamba mji mdogo usio na mtandao wa mabomba ya majitaka hauna haja ya mtambo wa kuyasafisha, eti watu wana vyoo vya shimo na septiki wanajimudu, hela iende kwanza kwenye maji safi. Naipinga kabisa.

Shimo likijaa mzigo unaenda wapi? Gari la kunyonya linakuja linavuta linaondoka, halafu? Kama hakuna pa kumwaga dereva atatafuta korongo usiku, na asiye na hela ya gari anasubiri masika, mvua ikikolea anatapisha choo, mtaro unabeba mpaka mtoni. Na mto huohuo watu wanafulia, wanamwagilia mchicha, huko chini wengine wanachota ya kunywa. Hapo nani kajimudu? Wa chini ndo wanatubebea.

Halafu mtu akisikia mtambo anawaza mashine na bili ya umeme. Mtambo ninaousema ni mabwawa tu, gari linamwaga humo, na hayahitaji hata pampu kama eneo lina mteremko. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, tope linatuama na bakteria wasiotaka hewa wanalila, la pili lina kina kidogo, mwani unatoa oksijeni bakteria wengine wanaendelea na kazi, la mwisho jua linapenya linaua vimelea. Lengo ni uchafu uozee bwawani, maana ukiozea mtoni unamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Kanuni za Tanzania za 2007 zinataka maji yanayoachiwa yasizidi BOD miligramu 30 kwa lita, yaani kipimo cha oksijeni ambayo uchafu utanyonya, wakati majitaka mabichi ya majumbani mara nyingi yanapita 200. Na yakishasafishwa yana kazi bado, pale Mabogini Moshi wakulima wanayatumia kwenye mpunga.

Ila wanaopinga wana pointi moja nzito sana, matunzo. Bwawa lisipotolewa tope miaka na miaka linapungua kina, maji yanapita harakaharaka yanatoka karibu vilevile yalivyoingia, mto unachafuka na mtambo upo. Kutoa tope ni hela. Ukiipakia yote kwenye ada ambayo magari yanalipa kumwaga bwawani, madereva wanarudi korongoni, hiyo iko wazi. Ndo maana naona ada ya gari iwe ndogo kabisa, kiasi kingine kikatwe kidogokidogo kwenye bili ya maji, kwa sababu kila anayefungua bomba anazalisha majitaka, hata kama shimo lake halijajaa mwaka huu.

Najua hapo wengi mtakataa, hasa nyie ambao maji yenyewe mnapata mara moja kwa wiki. Leteni njia nyingine basi, hela ya kutoa tope itoke wapi? Na mnaoishi jirani na mabwawa, mtuambie harufu ikoje na nyumba zilipaswa kukaa umbali gani.