Slaida za boriti ya zege: wanafunzi wanasogeza tu, hawasanifu

mwalimu_wa_zege: Habari zenu. Nina ukurasa wa GeoGebra (programu ya hisabati) kwa darasa la mwaka wa tatu hapa Nairobi: boriti yenye maegemeo mawili, slaida (vitufe vya kusogeza) za urefu, mzigo, b (upana) na d (kina hadi katikati ya nondo). Nondo zinajitokeza zenyewe. Wanafunzi wanasogeza mpaka rangi iwe kijani, yaani boriti imefaulu, basi. Nirekebishe nini? Wengi wana simu tu, na bando ni la kubana.

nondoY16: Futa hiyo kijani. Ukurasa utoe As (eneo la nondo linalohitajika) pekee, nondo wachague wenyewe.

Mfano: L = 6 m, mzigo wa usanifu 20 kN/m, b = 200 mm, d = 400 mm, fcu (nguvu ya zege) = 25 N/mm², fy (nguvu ya chuma) = 460 N/mm². Momenti ya kupindisha, M = wL²/8 = 90 kNm. K = M/(bd²fcu) = 0.1125, haijafika kikomo cha 0.156, kwa hiyo nondo za mgandamizo hazihitajiki. z (umbali kati ya nguvu ya mgandamizo na ya mvuto) = 341 mm; kwa 0.87fy, As = 659 mm². Wengi watakimbilia 4Y16, yaani nondo nne za mm 16 (804 mm²). Hapo wachore mkato kwa vipimo: toa kava (zege linalofunika chuma) 25 kila upande, ringi za 8 na nondo nne. Zinabaki 70 mm kwa nafasi tatu, yaani 23 kila moja, na kokoto ya 20 inataka angalau 25. Zege litakwama juu ya nondo, chini kuwe matundu matupu. 2Y16 na 1Y20 katikati (716) zinaacha 41 mm.

fundi_hesabu: Andika toleo la BS 8110 (kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege) juu ya ukurasa. 0.87fy ni ya 1985. Ya 1997 ilipotoka ilikuwa na 0.95fy; kwa hiyo As inashuka hadi 603 na 3Y16 zinatosha kwa kubanana. Wawili watabishana bure, kila mmoja na toleo lake.

Pia tenganisha mizigo. Momenti inatumia 1.4Gk + 1.6Qk (Gk ni mzigo wa kudumu, Qk wa matumizi), lakini kupinda (boriti kushuka katikati) ni Gk + Qk bila vizidishi. Slaida moja kwa yote mawili ni kosa la kawaida mno.

Bando: faili moja la HTML, JavaScript ikiwa humo humo, lisiite kitu chochote mtandaoni. Watumie kwa WhatsApp kama dokumenti, wafungulie kwenye Chrome.

mwalimu_wa_zege: Asanteni. Na kukisia kabla ya kusogeza?

nondoY16: Funga slaida mpaka wajaze jibu. Waulize: mzigo ukibaki ule ule, urefu ukitoka 6 hadi 7.2 m, momenti inapanda kiasi gani? Wengi husema asilimia 20. Ni 44, kupinda kunazidi maradufu, na K inafika 0.162, juu ya kikomo cha 0.156.

fundi_hesabu: Na hapo usiwaongezee nondo za juu (za mgandamizo) haraka. Waache waongeze d kwanza.