Mrejesho: ule mkuki wa kwenye komiki ya Indiana Jones

Wakuu mrejesho, niliuliza kama mkuki wa Spear of Destiny, ile komiki ya Dark Horse ya 1995, yaani ule unaodaiwa kuwa askari wa Kirumi alimchoma nao Yesu msalabani, upo kweli na stori inakaa wapi ukifuatisha muvi za Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa kubuni. Upo aisee! Uko Vienna, kichwa cha chuma kilichovunjika katikati wakakivalisha bati la dhahabu, Hitler akaamuru upelekwe Nuremberg 1938, Wamarekani wakaukuta handakini 1945, mwaka uliofuata ukarudishwa. Stori yenyewe ni ya 1945 hivyo inakuja baada ya muvi ya Last Crusade ambayo matukio yake ni ya 1938, mzee Jones, baba yake Indiana, kuwemo ni sawa tu. Ila wataalamu wameupima wakasema ni wa karne ya 7 au 8, yule askari wa Kirumi pale msalabani hahusiki kabisa 😂