Mrejesho: springi za kushusha Impreza, Nakuru

Wasee, niliuliza humu nishushe gari yangu, Subaru Impreza, ikae chini zaidi na springi gani bila kuiharibu, mkanisaidia sana, asanteni kweli. Nilifuata yule aliyenikataza kukata za zamani na grainda, nikanunua mpya za kampuni inayojulikana, zinashusha kama milimita 30 tu, na shoki mpya juu yake. Kwa kila springi, koili za mwisho mmoja zimebanana kuliko za mwisho ule mwingine, ndio maana inakuwa laini kwa vishimo halafu inakaza ukikata kona. Fundi alipomaliza kufunga nikapeleka alaimenti (kunyoosha magurudumu), tairi zinalika sawasawa. Barabara ya Njoro gari imetulia ajabu! Shida iliyobaki ni matuta, nikijaza watu bado inakwaruza chini hata nikipita mshazari.