Nani aliua mchezo wa pool wa mtaani: Mututho au simu?

Fimbo Fupi: Jana nimepita Buruburu, pale tulipokuwa tukipanga sarafu ukingoni mwa meza kushika zamu. Meza hakuna. Siku hizi ni duka la nywele za bandia. Mimi namlaumu Mututho, yule aliyekuwa mbunge wa Naivasha, na sheria yake ya pombe. Baa ikiambiwa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, meza iliyozoea kumeza sarafu tangu saa nne asubuhi itashiba nini? Mnasemaje? Ila tukubaliane, pool ilichezwa na wana Eastlands halisi, sisi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi.

Mtoto wa Jericho: "Wana Eastlands halisi", na anayesema ni mtu wa Buruburu! Ndugu, nyinyi mlikuwa na geti na maua. Meza yetu ilikuwa chini ya mabati, imeinama upande wa choo; mpira ukiuacha unatembea wenyewe. Aliyetushinda pale ndiye aliyejua kupiga.

Mama wa Watatu: Mnalilia nini lakini? Kifungua mimba wangu alikuwa akipewa nauli ya shule, inaishia mezani. Nilimtoa huko nimeshika sapatu, sare imejaa chaki ya buluu. Meza hizo zilichelewa kufungwa.

Saa Sita: Mututho mnamwonea. Sheria yake ni ya 2010, na meza nyingi zilikuwa kwenye vibanda visivyouza hata soda. Pigeni hesabu: mchezo mmoja shilingi 20, wazembe wanaumaliza kwa dakika 15. Saa nzima ni 80. Mwenye meza akichukua nusu, mwenye chumba anabaki na 40, na hapo ni kama watu wamekuja. Akiweka kinyozi na wakala wa M-Pesa, meza ya nini? Halafu SportPesa, kampuni ya kubashiri mechi, ikaingia 2014, hata ile 20 ikahamia kwenye simu.

Fimbo Fupi: @Mtoto wa Jericho, geti lilikuwa la wazazi. Foleni ya Jogoo Road tulikaa wote, au wewe ulipita juu kwa ndege?

Kayole Juu: Nacheka tu. Jericho nao wanajiita Eastlands, mahali mtu akikosa nauli anatembea hadi mjini na viatu havichafuki! Eastlands inaanzia Kayole.

Mtoto wa Jericho: Kijana, babako alipofika Nairobi alilala kwetu. Muulize.

Kayole Juu: Babangu usimguse. Tuongee pool.

Nyeusi Mwisho: Basi tuongee. Nyeusi, mpira wa mwisho, ikiingia shimoni na nyeupe ya kupigia ikaifuata, umepoteza. Buruburu mlikuwa mkimwachia mtu arudie, ndiyo maana mkija kwetu Umoja mlirudi kwa miguu.

Fimbo Fupi: Nani alirudia? Kwetu nyeupe ikizama kwenye mpira wa kawaida, mpinzani anapata mapigo mawili. Ya nyeusi ni umekwisha, hata mtoto anajua.

Saa Sita: Hesabu yangu hakuna aliyeijibu.

Kayole Juu: Hesabu ni nzuri, mwalimu. Ila sheria hiyo iliruhusu baa zifunguliwe saa nane mchana wikendi, na kwetu pool ilikuwa ya wikendi. @Mama wa Watatu, leseni ya baa haikutakiwa kutolewa ndani ya mita 300 za shule. Hapo ungemshika aliyetoa leseni, si meza.

Mama wa Watatu: Mita 300 nipime na nini, mwanangu? Na sapatu? Chifu wetu alipakia meza mbili kwenye lori, tukapiga vigelegele. Moja ikaonekana tena mtaa wa pili, na kitambaa kipya. Sasa huyu wangu wa mwisho yuko sebuleni na simu usiku kucha, anabashiri timu ambazo hata nchi yake haijui. Yule mkubwa angalau nilijua pa kumfuata.

Saa Sita: Si ndicho nilichosema, mama?

Mama wa Watatu: Wewe ulisema habari za kinyozi.

Nyeusi Mwisho: @Fimbo Fupi, umekubali kwamba ni umekwisha. Basi 2009 mbona ulirudia? Nilikuwa hapo, nimeshika chaki.

Fimbo Fupi: Meza ilitikiswa. Na aliyeitikisa anajijua, anatoka Jericho.

Mtoto wa Jericho: Ilikuwa imeinama.