Klabu yenu ilipohamia uwanja wa wenzao, mlijihisi wenyeji au wapangaji?

Mkazi wa Section 58, Nakuru

Ndugu zangu mashabiki, hamjambo. Mimi ni mtu wa Ulinzi Stars, timu ya jeshi, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya 2003, 2004, 2005 na tena 2010, na kwa miaka mingi Jumamosi yangu ilikuwa na njia moja tu: kutoka nyumbani kwa miguu hadi uwanja wa Afraha, njugu za kufungwa kwa gazeti mkononi, kisha kukaa upande wa jua kwa sababu kivulini kulikuwa na bei yake. Afraha ilipofungwa ili ijengwe upya, timu ikaenda kuchezea Nairobi, katika Ulinzi Complex kule Lang'ata. Ukitazama vizuri utaona kwamba timu haikuazima uwanja wa mtu; ilirudi kwa mwajiri wake, jeshi. Waliobaki bila makao ni sisi wa Nakuru.

Ndiyo maana ninawauliza ninyi ambao timu zenu zimewahi kuandikwa "nyumbani" katika uwanja uliozoewa na wengine: siku ile mlijihisi wenyeji, wageni, au wapangaji waliolipa kodi ya mwezi mmoja? Mabao yaacheni magazetini. Nielezeni mlichokiona jukwaani.

Jirani wa Kibuye, Kisumu

Huku kwetu swali lako inabidi ligeuzwe juu chini. Gor Mahia tangu iundwe mwaka 1968 haijawahi kuwa na uwanja wake; imezunguka City Stadium, Nyayo na Kasarani, na milango ya Nairobi ikifungwa huja Moi Stadium hapa Kisumu na kuandikwa mwenyeji. Hilo halisumbui mtu. Kinachosumbua ni pale Gor inapokuja kama mgeni wa timu ambayo uwanja huo ndio kwake. Msimu wa 2019/20 Western Stima na Kisumu All Stars zote mbili zilikuwa ligi kuu na zote zilitumia Moi Stadium, lakini K'Ogalo, yaani Gor, ilipotua mjini, wenyeji wa kwenye karatasi walipata pembe moja ya jukwaa na majukwaa yaliyosalia yakawa kijani, rangi ya Gor.

Mimi nilikuwa wa Stima, kwa kuwa mjomba aliyenilea alifanya kazi ya nyaya za umeme. Jumapili moja niliingia na kuketi vibaya, katikati ya watu wa Gor, karibu na mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Stima ilipokaribia kufunga niliruka peke yangu, na safu nzima ikageuka kunitazama kama mtu aliyecheka matangani. Yule mama alinishika shati kwa nyuma, akanivuta taratibu, akasema: "Keti, mwanangu. Hapa ni kwenu, lakini leo kaa kama uliyekaribishwa." Kisha akanimenyea yai na hakutaka pesa yangu.

Nikiri pia upande wa pili. Pesa ya langoni ilikuwa ya mwenyeji, na siku ya Gor foleni ilizunguka ukuta, ilhali mechi nyingine ungeweza kuwahesabu watazamaji kabla chai haijapoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: pale langoni methali hiyo ilikuwa hesabu ya shilingi. Kwa hiyo, ndugu wa Nakuru, sisi tulikuwa na uwanja na hatukuwa na watu, nao walikuwa na watu bila uwanja, na sijui hadi leo nani kati yetu alikuwa mpangaji.

Mwana wa Lurambi, Kakamega

Jirani wa Kibuye, nakuheshimu, ila katika uwanja wetu wa Bukhungu mambo hayakatiki wazi hivyo. AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, ina makao Nairobi na wazee huku Kakamega. Kakamega Homeboyz ina Bukhungu yenyewe, na vijana. Timu hizo zinapokutana, nyumba yetu hugawanyika mezani: baba ni wa Ingwe, yaani Leopards, tangu hajaoa, mdogo wangu ni wa Homeboyz na hamwoni baba kuwa na haki ya kushangilia timu ya Nairobi katika uwanja ambao yeye mwenyewe hufanyia mazoezi ya mbio.

Kuna jambo nililoliona mwenyewe na bado linanichekesha. Wapiga isukuti, ngoma za Waluhya, wa kijijini kwetu waliitwa na watu wa Ingwe, wakapiga kipindi chote cha kwanza hadi jasho likalowesha ngozi za ngoma. Wakati wa mapumziko vijana wa upande wa pili waliwaendea wakapatana nao, na kipindi cha pili ngoma zilezile, mikono ileile, wimbo uleule, zikasikika kutoka jukwaa la mkabala, jina la timu tu likiwa limebadilishwa. Baba alikasirika kwa dakika kumi hivi. Halafu nikaona mguu wake unafuata mdundo.

Mstaafu wa Chemelil

Vijana, mnazungumzia viwanja vya serikali na vya kaunti, ambako kila timu ni mpangaji, iwe inajua au haijui. Timu zilizokuwa kwao hasa zilikuwa zetu za ukanda wa sukari: Chemelil, Mumias, na Sony kule Awendo. Kiwanda, nyumba za wafanyakazi na uwanja vilikuwa vya baba mmoja, na winga wa kulia ulimkuta Jumatatu akiwa na ovaroli. Ubaya wake ni kwamba kiwanda kikikohoa, uwanja nao huugua.

Na wale wanaoona aibu kuazima wakumbuke kwamba hata Manchester United, baada ya Old Trafford kupigwa mabomu mwaka 1941, ilichezea Maine Road kwa City mpaka 1949. Wajukuu zangu hawaniamini.

Dereva wa Busia

Mimi sitaji klabu, nataja timu ya taifa, kwa maana mwaka 2024 Harambee Stars nayo ilikuwa mpangaji. Nyayo na Kasarani zilikuwa zikitengenezwa, basi mwezi wa sita "nyumbani" ikawa Lilongwe, Malawi, na mwezi wa tisa ikawa uwanja wa Namboole, Kampala, Uganda. Nchi nzima ililalamika, nasi wa mpakani tukanyamaza, kwa sababu kutoka Busia Kampala ni karibu kuliko Nairobi, na Namboole iko upande huu wa mji, kwa hiyo unafika kabla ya kukwama kwenye msongamano.

Tarehe 6 Septemba tulivuka alfajiri kwa vitambulisho tu, tukabadilisha pesa kwa wale wenye mabunda mkononi, tukaenda kuwa wenyeji wa Zimbabwe katika nchi ya jirani. Mechi iliisha 0-0. Nilichobaki nacho ni kijana wa Kiganda aliyeketi kando yangu na kuimba nasi "Ee Mungu nguvu yetu", beti la kwanza lote bila kukosea, kisha akanigeukia na kusema: "Karibuni kwenu."

Mkazi wa Section 58, Nakuru

Asanteni nyote. Dereva, hilo la "karibuni kwenu" nimelisoma mara tatu. Mimi nilikwenda Lang'ata mara moja tu. Nilifika nimechelewa, nauli imenikausha, na bila kufikiri nikatafuta upande wa jua, nikakaa huko peke yangu ingawa kivulini kulikuwa na nafasi tele. Askari mmoja kijana alinijia akaniuliza kwa adabu kama nimepotea. Nikamwambia natoka Nakuru. Akasema, "Aa, mzee wa Afraha," akaketi nami mpaka mapumziko.